Kabla ya kununua tanki, fungua daftari

Mvua ya kwanza inapoanguka Nzuguni, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, hakuna mtoto anayesubiri kutumwa. Ndoo, masufuria, mabeseni na madumu yaliyokatwa midomo hupangwa chini ya bati, na kwa nusu saa ua mzima unakuwa kisima. Mvua ikikatika vyombo vimejaa, mama anaanza kufua, na maji mengine yote yameshakimbilia barabarani yakichimba korongo mbele ya nyumba ya jirani. Baada ya miezi michache, mama huyo huyo atatoa fedha mfukoni kununua fungu la mchicha lililosafiri kutoka mbali, kwa sababu ua wake ni mkavu.

Katika nyumba nyingi za pembezoni mwa Jiji la Dodoma ipo mali ambayo haihesabiwi. Ipo samadi ya kuku, yapo majivu ya jikoni na maganda ya ndizi na viazi, vipo viroba vitupu vya unga, na ipo nguvu ya watoto saa za jioni. Hata hivyo, katika nyanda za kati mali hiyo yote haisaidii kitu pasipo maji. Ndiyo maana maji ya bati yanastahili kuhesabiwa kwanza, na kuhesabiwa kwa namba, si kwa macho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, ukipima chini pale paa linapofunika na si kwa mteremko wa bati, ina mita za mraba 80. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa wastani haipungui sana milimita 550. Zidisha 80 kwa 550, unapata lita 44,000. Toa asilimia 20 kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayovuja na yale ya kwanza yanayoosha vumbi, zinabaki lita 35,200. Hayo ni madumu 1,760 ya lita 20. Mwaka wa ukame, mvua ikishuka hadi milimita 400, bado bati hilo hilo litatoa madumu 1,280.

Hapana shaka takwimu hiyo inavutia, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mtu akisikia madumu 1,760, wazo la kwanza ni kununua tanki kubwa. Kwa mfanyabiashara wa genge, fedha ya tanki ni mtaji wa genge. Akikosea hesabu, atabaki na tanki zuri uani na meza tupu sokoni.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linaigusa Nzuguni kuliko mahali pengine, ni vema kukumbuka eneo hilo lilivyobadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi Nzuguni ilibaki kuwa mashamba ya mtama, uwele na karanga kandokando ya mji. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza Serikali kuhamia Dodoma, na Aprili 2018 mji huo ukapandishwa hadhi kuwa Jiji. Tangu hapo Nzuguni imepata kituo kikuu cha mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai, na viwanja vimepimwa mahali palipokuwa na mabua. Kaya ambazo wazee wao walilima eka kadhaa leo zinaishi kwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta au michongoma. Shamba limesogea mbali au limekwisha kabisa. Kilichobaki mlangoni ni ua.

Nzuguni hiyo hiyo ndiyo yenye viwanja vya maonesho ya Nane Nane, ambako mwaka 2024 na 2025 maadhimisho ya kitaifa ya Sikukuu ya Wakulima yalifanyika. Wakazi wa jirani huingia kwa miguu. Huona vipando vya mboga vilivyostawi katikati ya kiangazi, huona mabanda ya kuku, bustani za viroba na mipira ya kumwagilia kwa matone. Wengi hurudi nyumbani na hamu kubwa. Baba anataka kuku, mama anataka bustani, kijana anataka sungura. Hamu si jambo baya. Bustani ndogo humpumzisha mtu baada ya kazi, na watoto hujifunza humo mambo ambayo hawayapati darasani. Lakini kinachofanywa kwa kupenda na kinachofanywa kwa kuleta fedha ni vitu viwili, na kaya inapaswa kujua mapema kipi ni kipi.

Chukua mfano wa kaya inayotaka tanki la lita 5,000. Chukua pia kwamba tanki, gata na fundi vinagharimu jumla ya Sh1,000,000. Namba za fedha katika makala hii ni za mfano tu. Kila familia iweke bei ya duka na soko lake. Kwa bati la mita za mraba 80, tanki hilo hujazwa na mvua ya takriban milimita 78, kiasi ambacho mvua kubwa chache za Januari huweza kutoa. Kwa msimu wa wastani lingeweza kujaa na kumwagwa mara saba. Kwa hiyo tatizo la Nzuguni si kukosa mvua ya kutosha kujaza tanki. Tatizo ni kwamba tanki likishajaa mara ya mwisho mwezi Aprili, ndiyo akiba yote iliyopo mpaka Desemba.

Akiba hiyo inatosha nini? Bustani ya mboga za majani yenye mita za mraba 10, sawa na tuta moja la upana wa mita moja na urefu wa mita 10, huhitaji kama lita 5 kwa kila mita kwa siku wakati wa jua kali. Hizo ni lita 50 kwa siku. Lita 5,000 zitadumu siku 100. Ukianza kumwagilia Mei Mosi, dumu la mwisho litaisha siku ya Nane Nane yenyewe, tarehe 8 Agosti. Baada ya hapo kuna karibu miezi minne ya upepo na vumbi kabla ya mvua nyingine.

Katika siku hizo 100, kama 30 za kwanza ni za kukuza mchicha. Zinabaki siku 70 za kuchuma. Kama bustani inaiokolea familia Sh1,000 ya mboga kila siku, jumla ni Sh70,000 kwa kiangazi. Gawanya Sh1,000,000 kwa Sh70,000: tanki litarudisha fedha yake baada ya zaidi ya miaka 14. Hiyo si biashara. Ni mboga safi, ni furaha ya kuchuma nyumbani, lakini anayetoa mtaji wa genge kwa ajili hiyo amejidanganya.

Maji hayo hayo yanaweza kupewa kazi nyingine. Miche 200 iliyo kwenye viriba, ikipewa robo lita kila mmoja kwa siku, nayo hutumia lita 50. Tofauti ni wakati wa kuuza. Mche hauuzwi Juni. Unauzwa mvua zinapoanza, wakati kila mwenye nyumba mpya anatafuta mpapai, mwarobaini, mstafeli au mti wa kivuli. Dodoma ina wanunuzi hao, kwa kuwa nyumba zinaongezeka na kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani imekuwapo tangu mwaka 2017. Tanki likifungwa mwezi Aprili bila kuguswa, kisha likafunguliwa Septemba mosi, siku 100 zinaishia tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, ambapo mvua huwa zimeanza au ziko mlangoni. Kwa mfano, miche 150 ikipona na kuuzwa Sh1,000 kila mmoja, mapato ni Sh150,000. Toa Sh40,000 za viriba, mbegu na samadi, zinabaki Sh110,000.

Ongeza kazi ya tatu. Kati ya Desemba na Aprili, wakati tanki linajaa na kujaa tena, familia inaweza kuchota madumu matano kwa siku ya kufulia, kuoshea vyombo na kunyweshea kuku. Kwa siku 120 hayo ni madumu 600. Kama kaya hiyo hununua dumu kwa Sh100, imeokoa Sh60,000. Ukijumlisha na faida ya miche, ni Sh170,000 kwa mwaka, na tanki linajilipa kwa takriban miaka sita. Tanki ni lile lile na bati ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba maji yamepangiwa kazi kabla hayajaingia.

Funzo la kwanza, basi, ni kwamba tanki lisinunuliwe kwa ajili ya mboga peke yake. Funzo la pili linahusu mkopo. Mikopo mingi ya vikundi vya kuweka na kukopa mitaani hurejeshwa kwa miezi michache, ilhali tanki hurudisha fedha kwa miaka. Mkopo wa miezi sita kwa kitu cha miaka sita utalipwa na genge, si na tanki. Mama anayekopa kununua magunia mawili ya vitunguu anajua yataisha lini na fedha itarudi lini. Anayekopa kununua tanki anapaswa kujiuliza swali hilo hilo.

Je, asiye na milioni moja afanye nini? Hapa ndipo hesabu inapowapendelea wenye kipato kidogo. Wakulima wa Dodoma wanafahamu kwamba mvua za huko hukatika katikati ya msimu, mara nyingi kati ya mwisho wa Januari na Februari, na mazao hunyauka wakati ambapo bado hayajakomaa. Mapipa matatu ya lita 200 yanabeba lita 600. Kwa bustani ya lita 50 kwa siku, hizo ni siku 12. Siku 12 za kiangazi mazingani hazina faida kubwa, lakini siku 12 katikati ya msimu ndizo zinazoamua kama nyanya zilizokwisha kuchanua zitafika sokoni au zitakauka. Mapipa hayo yakijazwa tena na mvua inayofuata, yanafanya kazi hiyo hiyo mara ya pili. Kwa kila shilingi iliyotumika, pipa la Februari linaweza kulishinda tanki la Julai.

Gata nazo si lazima zizunguke nyumba nzima. Upande mmoja wa paa unatosha kujaza mapipa matatu. Bati lililokunjwa na fundi, likawekwa mteremko mdogo kuelekea kwenye pipa, hufanya kazi. Maji yanayozidi yasiachiwe kwenda kwa jirani. Yachimbiwe mfereji yaelekezwe kwenye mashimo ya mipapai au miembe, ambako udongo utayahifadhi bila kudai bei ya tanki.

Aidha, wanyumba wa Ugogo wana ghala la maji ambalo hakuna duka linaloliuza. Mlenda unaochumwa wakati wa masika, ukaanikwa na kusagwa, ni maji ya mvua yaliyohifadhiwa bila pipa wala gata. Bibi anayejaza vibuyu vya mlenda mkavu mwezi Machi amepunguza matumizi ya mboga ya Septemba kwa gharama ya jua tu. Hata paa la tembe la zamani, lililokuwa bapa na la udongo, halikukaa bure. Lilitumika kuanikia mazao. Vijana waliohamia kwenye nyumba za bati wasidharau maarifa hayo. Kabla ya kujenga bustani ya kiangazi, kaya ihesabu kwanza ni mboga gani inaweza kukaushwa masika, ili maji machache ya tanki yaachiwe kitu kisichokaushika, kama miche.

Kuna mfano wa mbali unaofaa kutazamwa. Jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, lina maeneo mengi yanayopata mvua pungufu ya ile ya Dodoma. Mwaka 1995, baada ya ukame mkali, mamlaka za jimbo hilo zilianzisha mpango uliojulikana kwa namba 1-2-1: kila kaya iwe na uwanja mmoja wa kukingia maji, visima viwili vya kuhifadhia na kipande kimoja cha ardhi cha kulima. Linalostahili kuzingatiwa ni namna gharama zilivyogawanywa. Serikali ilichangia vifaa na kaya zikatoa nguvu kazi. Mkulima hakuachiwa kubeba peke yake mzigo wa kitu kinachojilipa taratibu.

Hilo linawahusu pia viongozi wa Dodoma. Jiji lina wataalamu wa ugani katika kata, na lina viwanja vya Nane Nane ambavyo wakazi wa Nzuguni wanavifikia bila nauli. Ni vema waandaaji watenge kipando kimoja kinachofanana na ua wa kawaida wa Nzuguni, chenye bati la kawaida, mapipa ya kawaida na kuku wachache, kisha waweke bango linaloonesha gharama ya kila kitu, mapato ya kila mwezi na miaka ya kurudisha fedha. Kipando kilichostawi bila bango la gharama humfundisha mkulima kutamani. Kikiwa na bango, humfundisha kuamua. Kadhalika, wanaokagua michoro ya nyumba wakiuliza tu maji ya bati yataelekea wapi, wataokoa barabara nyingi za mitaa zinazoliwa na makorongo kila msimu.

Yapo mambo ya tahadhari ambayo hayahitaji fedha nyingi. Pipa lililowahi kubeba dawa za viwandani au viuatilifu lisitumike kabisa. Mvua ya kwanza ya msimu imwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Maji ya bati hayanywewi bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kila pipa na kila tanki lifunikwe, mbu wasizaliane humo na mtoto asitumbukie. Familia zinazotaka kufuga ziulize kwanza ofisi ya mtaa sheria ndogo za Jiji zinaruhusu nini, kwani banda likivunjwa, hesabu yote ya faida imevunjika nalo.

Juu ya yote hayo kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji hata kusubiri mvua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Ukurasa wa kwanza uandikwe vipimo vya paa. Ukurasa unaofuata uwe na safu nne: tarehe, kilichotumika, kilichopatikana, na kilicholiwa nyumbani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Mayai yaliyoliwa na watoto ni mapato, kwa sababu yasingekuwapo yangenunuliwa. Vivyo hivyo, unga wa genge uliopelekwa kwa kuku ni matumizi, hata kama haukutoka mfukoni. Kazi ya kuandika apewe mtoto anayeanza kujifunza hesabu. Atajifunza kujumlisha, na wazazi watapata mkaguzi asiyeona haya kuuliza fedha imekwenda wapi.

Kaya ianze na mapipa msimu mmoja. Iandike. Msimu wa pili iandike tena, kwa sababu mwaka mmoja wa mvua nzuri hausemi ukweli wote. Mwisho wa Aprili ya pili, baba na mama wakae chini na daftari mbele yao. Kama namba zinaonesha kwamba maji yamepata kazi mbili au tatu na kila kazi imelipa, basi tanki linunuliwe bila woga, kwa akiba na si kwa mtaji wa genge. Kama zinaonesha kwamba bustani imeleta raha tu, iendelee kuwa raha, kwa kiwango cha mapipa matatu. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kugundua hasara ya miaka mitano siku ambayo genge limefungwa.

Mvua ijayo itaanguka juu ya bati la kila mmoja, la tajiri na la maskini. Itakayofaidika zaidi ni ile nyumba iliyopima paa lake kabla mawingu hayajatanda.